HABU YA NYUMA: NENO KWA VIJANA WENYE BAISKELI ZA GIA MOJA

Mazungumzo yaliyotolewa karakanani mbele ya wanafunzi wa Kidato cha Tatu na cha Nne, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani. Yamepigwa chapa kama yalivyosemwa, isipokuwa vicheko.



Barua niliyoletewa na Katibu ilinitaka niseme juu ya "Mafanikio katika Maisha." Niliipokea kwa heshima, nikaandaa karatasi mbili. Lakini jana jioni nilipofika nilizunguka nyuma ya stoo ya jiko, nikakuta baiskeli tisa zimeegemezwa ukutani. Zote ni za milimani, zote ni mitumba iliyokuja na meli, na zote zimekufa. Nikamwuliza mlinzi zina nini. Akanijibu, "Mzee, hizo gia zimezishinda." Nikauliza wenyewe wako wapi. Akasema, "Wanatembea kwa miguu. Yupo mmoja anatoka kilomita saba."

Basi zile karatasi mbili nimeziacha chumbani. Leo nitasema juu ya kitu kimoja tu, nacho ni kitovu cha gurudumu la nyuma, ambacho mafundi hukiita habu. Nasema habu, si haba, ingawa katika mfuko wa mwanafunzi mambo hayo mawili huenda pamoja.

Kwanza nieleze kwa nini nasema habu wakati ugonjwa ni gia. Nimezitazama zile baiskeli tisa. Katika saba, fremu ni nzima, rimu ni nzima, pedeli zinazunguka. Kilichokufa ni ule mkono mdogo wa gia uliopinda ukaingia katika spoki, au waya uliokatika, au cheni iliyolika kwa sababu sproketi za nyuma zimekuwa kama meno ya papa. Kuzirudishia gia zote hizo kunataka fedha na vipuri ambavyo hapa kwetu hupatikana kwa bahati. Lakini kuifanya baiskeli hiyo iwe ya gia moja, yaani sproketi moja mbele, moja nyuma, na cheni iliyonyooka katikati yake, ni kazi ambayo kijana wa Kidato cha Tatu anaweza kuifanya hapa karakanani kwa siku moja. Baba zenu walipanda milima hii kwa Phoenix ya Shanghai na Raleigh ya Nottingham, na nyingi ya hizo zilikuwa na gia moja.

Sasa, ukiifanya baiskeli ya milimani kuwa ya gia moja, kila kitu ni rahisi isipokuwa habu ya nyuma. Hapo ndipo watu wanapokosea, na mimi nilikosea kuliko wengi. Nitawaambieni nilivyokosea, lakini tuanze na hesabu, ili mjue habu hubeba nini.

Chukueni kalamu. Mtu wa kilo 70 amesimama kwa uzito wake wote juu ya pedeli moja. Mkono wa pedeli una urefu wa milimita 170. Sproketi ya mbele ina meno 32. Kila jino la cheni ya baiskeli huchukua nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7. Zidisheni kwa 32, mtapata mzingo wa milimita 406. Gawanyeni kwa mara mbili ya pai, mtapata nusu kipenyo cha karibu milimita 65. Huu ni wenzo, kama ule mliofundishwa darasani. 70 mara 170, gawanya kwa 65. Jibu ni karibu 183.

Maana yake, vijana, ni kwamba mtu wa kilo 70 anaposimama juu ya pedeli, cheni inavutwa kana kwamba imening'inizwa mzigo wa kilo 183. Magunia mawili ya kilo 90 hayajafika hapo. Na kama anavuta usukani kwa mikono, kama tufanyavyo sote tukipanda mlima, basi inazidi. Mvuto huo wote unaishia katika upande wa kulia wa habu ya nyuma. Ekseli ndiyo inayouzuia usiling'oe gurudumu, na makucha mawili matatu ndani ya friwili, kila moja dogo kuliko ukucha wa kidole chenu, ndiyo yanayougeuza uwe mwendo.

Jambo la pili katika hesabu hiyo: fanyeni tena kwa sproketi ya meno 44, kama ile ya baiskeli ya baba yangu. Nusu kipenyo ni karibu milimita 89, na mvuto wa cheni ni kilo 134 tu. Kwa hiyo baiskeli ya milimani, yenye sproketi ndogo mbele, huivuta ekseli yake kwa nguvu zaidi kuliko baiskeli ya mzee, ingawa mpandaji ni yule yule. Kumbukeni jambo hili, kwa sababu lilinigharimu.

Nilikuwa nimemaliza shule miaka michache. Nilipata baiskeli ya milimani ya mtumba, fremu ya chuma, rangi ya buluu. Gia zikafa kama zilivyokufa hizo zenu. Nikaamua kuifanya ya gia moja. Nikaenda dukani, nikaona habu ya nyuma mpya, inang'aa kama sinia la harusi. Sikuwa na rula. Sikuuliza upana. Nilihesabu matundu ya spoki tu, nikaona ni 36 kama ya rimu yangu, nikalipa.

Nilipofika nyumbani nikaona habu ni nyembamba. Ilitengenezwa kwa baiskeli ya kawaida, upana wake milimita 110, na fremu yangu ilikuwa na nafasi ya milimita 135. Mtu mwenye akili angeirudisha. Mimi nilinunua ekseli ndefu, nikajaza pete kulia na kushoto mpaka nafasi ikajaa. Nikampelekea mzee mmoja fundi pale Mombo anisukie spoki. Aliisuka vizuri. Lakini aliponirudishia gurudumu alilishika mkononi kwa muda, akasema, "Mwanangu, gololi zako ziko mbali na fremu. Ekseli hii itachoka." Nikamwambia, "Shikamoo mzee, asante," nikaondoka.

Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikuvunjika guu. Jumamosi moja nilimpakia mdogo wangu kwenye keria, tunapanda kutoka Mombo kuelekea Soni. Mnaijua barabara ile, na mnavijua vikona vyake. Nilisimama juu ya pedeli. Nikasikia mlio kama wa kijiti kikavu. Ekseli ilikatika upande wa kulia, gurudumu likakimbilia kwenye fremu likakwama, na sisi tukaenda chini. Mdogo wangu alivunjika mkono wa kulia, wiki tatu kabla ya mtihani wake wa Kidato cha Nne. Mtihani aliufanya mwaka uliofuata. Yuko hapa leo, amekaa safu ya pili, na ndiye aliyenipa ruhusa niisimulie habari hii. Hajanilaumu hata siku moja.

Sasa niwaonyesheni kwa nini ekseli ile ilikatika. Habu huzunguka juu ya gololi, kulia na kushoto. Ekseli imeshikwa na fremu kwenye ncha zake, na imebebeshwa mzigo pale zilipo gololi. Kadiri gololi zinavyokuwa mbali na fremu, ndivyo ekseli inavyokuwa kama ubao mrefu juu ya mtaro: ukiukanyaga katikati unapinda. Pete nilizojaza zilijaza nafasi, lakini hazikusogeza gololi hata milimita moja. Ndiyo maana swali la kwanza la kuuliza juu ya habu yoyote ni upana wake.

Upana huo hupimwa kutoka nati ya ndani upande huu hadi nati ya ndani upande wa pili, yaani pale inapogusana na fremu. Pimeni fremu kwa rula katikati ya midomo yake miwili ya nyuma. Baiskeli nyingi za kawaida za gia moja ni kama milimita 110. Baiskeli za milimani za zamani kidogo ni 130. Zilizo nyingi, na nadhani karibu zote zilizoko nyuma ya stoo, ni 135. Fremu za miaka ya karibuni zina ekseli nene inayopitishwa kwenye tundu, ya milimita 142 au 148; hizo zina habu zake, wala msijaribu kuzilazimisha nyingine. Fremu ya chuma ikipungua milimita mbili tatu, fundi anaweza kuipanua kwa taratibu. Fremu ya alumini isipanuliwe kabisa, kwa sababu alumini haipindi ikarudi, bali hupasuka.

Swali la pili ni matundu ya spoki. Hesabuni ya rimu, hesabuni ya habu, lazima yalingane. Hapa kuna mtego kwa wale watakaotaka kutumia habu ya baiskeli kuukuu ya babu. Waingereza waliweka spoki 32 mbele na 40 nyuma, kwa sababu walijua nyuma ndiko kwenye mzigo. Rimu za milimani aghalabu ni 32 au 36. Habu ya matundu 40 haitasukwa katika rimu ya 36, hata fundi awe hodari vipi. Na hata ingekubali, tumekwisha kuona kwamba upana wake si wetu.

Swali la tatu ni mdomo wa fremu. Tazameni pale ekseli inapoingia. Kama mdomo umelala, ukaruhusu gurudumu lisogee mbele na nyuma, mna bahati: cheni itakazwa kwa kulivuta gurudumu nyuma. Chagueni habu yenye ekseli nzima na nati za spana ya 15, kwa maana nati huuma chuma na gurudumu halitelezi. Ile ekseli yenye tundu na mkono wa kufungua upesi ni nzuri kwa gia nyingi, lakini katika mdomo uliolala mguu wenye nguvu unaweza kuliteleza gurudumu upande mmoja. Kama mdomo umesimama wima, gurudumu haliwezi kusogea, na hapo cheni itataka kitu cha kuikaza. Zipo habu zilizotengenezwa kwa ajili hiyo, ambazo ekseli yake haiko katikati, ukiizungusha gurudumu linasogea. White Industries ya Marekani hutengeneza moja. Lakini sisi hatuna haja ya kwenda huko. Ule mkono wa gia mliotaka kuutupa, kama haujapinda, ufungeni pale pale bila waya, muuelekeze chini ya sproketi moja. Utaikaza cheni bila gharama.

Baada ya vipimo hivyo vitatu ndipo tunakuja kwenye aina za habu. Ziko nne.

Aina ya kwanza ni habu ya nyuzi, ambayo friwili husokotwa juu yake kama kifuniko cha chupa. Hii ndiyo mnayoijua. Uzuri wake mkubwa ni kwamba nyuzi zake zimekuwa sawa karibu dunia nzima: kipenyo cha inchi 1.375, nyuzi 24 kwa inchi. Friwili ya meno 18 inayouzwa Mombo kwa ajili ya Phoenix itaingia katika habu ya milimani iliyotoka Japani. Ikifa, unatupa friwili, habu inabaki. Hasara yake ni kwamba kila unapokanyaga unaikaza, na baada ya mwaka haifunguki kirahisi. Pakeni grisi kwenye nyuzi kabla ya kuisokota. Na kamwe msikate spoki kabla ya kuitoa friwili, kwa sababu bila rimu hamtakuwa na pa kushikia, na habu hiyo itakuwa ya kushikilia mlango.

Aina ya pili ni habu ambayo friwili ni sehemu ya habu yenyewe, na sproketi huteleza juu ya mifereji. Shimano, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1921 mjini Sakai, Japani, na ambayo kazi yake ya kwanza ilikuwa kutengeneza friwili, ndiyo iliyoieneza kuanzia mwaka 1978. Ubora wake ni ule ule mzee wa Mombo alioutaka: gololi za upande wa kulia zimesogezwa hadi karibu na fremu, na kwa hiyo ekseli haipindi ovyo. Ukiwa na habu hii, huhitaji kununua nyingine. Toa sproketi zote, bakiza moja, ujaze nafasi kwa pete. Nimeona vijana wakikata pete hizo kutoka bomba la maji la plastiki, na zikafanya kazi vizuri.

Angalieni mambo mawili. Sproketi za gia nyingi zimechongwa meno mafupi ili cheni ihame upesi. Katika gia moja hatutaki ihame. Mkiweza, tafuteni sproketi yenye meno kamili. La pili, shikeni sumaku, mwigusishe kwenye mifereji ile. Ikinasa, ni chuma, endeleeni. Isiponasa, ni alumini, nayo sproketi nyembamba huila kama panya alavyo sabuni. Hapo tafuteni sproketi yenye kitako kipana, ili mvuto ugawanyike.

Aina ya tatu ni habu yenye breki ndani, ile unayorudisha pedeli nyuma ili usimame. Hii ina hadithi ambayo ni vizuri mwijue, maana baiskeli ya milimani ilianzia hapo. Katika miaka ya 1970 vijana wa Marin, jimbo la California, walichukua baiskeli kuukuu za Schwinn, za gia moja, zenye matairi manene na breki ya aina hiyo, wakawa wanateremka nazo milimani. Tarehe 21 Oktoba 1976 walianza kushindana katika mteremko mmoja karibu na mji wa Fairfax, unaoshuka kama mita 400 katika kilomita tatu na kitu. Walikuwamo akina Joe Breeze, Gary Fisher na Charlie Kelly. Breki ile ilipata moto mno, grisi ikayeyuka ikatoka moshi, na kila walipofika chini iliwabidi waifungue habu na kuijaza grisi upya. Mteremko wenyewe wakauita "Repack," yaani kujaza upya, na jina hilo limebaki mpaka leo.

Sasa fikirini barabara yetu kutoka Lushoto kushuka Mombo. Ni ndefu kuliko Repack mara kadhaa. Habu hii ni nzuri tambarare, ni safi, haina waya. Lakini kwa kushuka milima hii ikiwa peke yake, la hasha. Grisi ikiungua huna breki, na cheni ikikatika au kuchomoka huna breki vilevile. Mwenye nayo afunge breki ya mbele iliyo nzima, au aiache.

Aina ya nne ni habu isiyo na friwili kabisa. Gurudumu likizunguka, pedeli zinazunguka. Ni ya viwanja vya mashindano, na wapo wanaoipenda barabarani. Nawaomba msiitumie milimani. Na zaidi ya yote, mtu asisokote sproketi isiyo na friwili katika habu ya nyuzi za kawaida. Haina nati ya kinyume ya kuizuia, na siku utakaporudisha mguu nyuma kwa nguvu itajifungua yenyewe.

Kwa hiyo, kwa shughuli yetu, zimebaki mbili: ya nyuzi, na ile ya mifereji. Ipi bora? Ya mifereji ina ekseli iliyosimamiwa vizuri zaidi. Ya nyuzi ina kipuri kinachopatikana kila gulio. Ushauri wangu ni huu: tumia iliyokuja na baiskeli yako, ikiwa ni nzima. Ukilazimika kununua, nunua ile ambayo fundi wa karibu nawe ana zana ya kuifungua. Habu ambayo haifunguki mnapoishi, hata iwe ya thamani ya ng'ombe, ni mgeni anayekula bila kulima.

Wenye habu ya nyuzi iliyokuwa na gia sita au saba, nisikilizeni kidogo zaidi. Upande wa kulia wa ekseli mtakuta pete nyingi, zilizowekwa ili kuacha nafasi ya sproketi zote zile. Mkiweka friwili moja, nafasi hiyo haina kazi tena, na sproketi yenu itakuwa ndani mno, cheni iende mshazari. Hamisheni baadhi ya pete hizo kutoka kulia kwenda kushoto, na ekseli isogezwe ilingane. Upana unabaki 135, lakini habu nzima imesogea kulia: gololi za upande unaovutwa na cheni zimekaribia fremu. Kisha fundi airudishe rimu katikati kwa spoki. Mtapata faida nyingine ambayo hamkuilipia. Gurudumu la gia nyingi lina spoki za kulia zilizokazwa sana na za kushoto zilizolegea. Sasa zitakaribiana, na gurudumu litakuwa na nguvu kuliko lilipotoka kiwandani.

Mtajuaje kwamba cheni imenyooka? Kwa rula. Pimeni kutoka katikati ya fremu hadi katikati ya meno ya sproketi ya mbele. Pimeni vilevile nyuma. Vipimo vikitofautiana kwa milimita moja au mbili, si kitu. Vikizidi hapo, sogezeni pete. Cheni iliyonyooka haina kelele na haichomoki. Ukisikia inalia, inakwambia jambo.

Meno mangapi? Kwa rimu ya inchi 26, watu wengi huanza na mbili kwa moja, mathalani 32 mbele na 16 nyuma, na kila mzunguko wa pedeli baiskeli husogea kama mita nne. Kwa milima yetu nadhani 18 au 20 nyuma ni ungwana. Mtakwenda polepole tambarare, lakini mtafika juu mkiwa mmekaa, na anayepanda akiwa amekaa haitesi habu yake.

Mwisho, ndani ya habu. Kabla ya kununua, shikeni ekseli kwa vidole viwili mwizungushe. Ikikwaruza, gololi au koni zimelika. Ikichezacheza, koni zimelegea au zimekwisha. Izungusheni juu ya meza muitazame ncha yake. Ikiyumba, ekseli imepinda. Sikilizeni makucha ya friwili: yalie kwa mpango, yasirukeruke. Friwili ambayo imewahi kuteleza mara moja itateleza tena, na itachagua siku ambayo umesimama juu ya pedeli. Mambo hayo manne hayahitaji senti wala zana, na yote yanaonekana dukani kabla hujalipa. Mng'aro si mojawapo.

Mwalimu Mkuu, nimezipima zile baiskeli asubuhi hii kabla ya chai. Tano zina habu za mifereji, nzima, na mifereji ni ya chuma. Mbili zina habu za nyuzi, ambazo zinataka friwili na kuhamishwa pete tu. Mbili zilizobaki ekseli zimepinda. Hizo zisipandwe na mtu mpaka ekseli ibadilishwe. Kwa hiyo hakuna habu mpya hata moja ya kununuliwa. Baadhi ya wazee wenzangu tumechanga hapa hapa kwa ajili ya friwili mbili, ekseli mbili na grisi, na nimemwachia mwalimu wa ufundi spana yangu ya 15 na kitoa friwili, ziwe mali ya karakana.

Ninachowaomba ninyi vijana ni kimoja. Mkimaliza kuzitengeneza, kabla ya kupakia mtu yeyote kwenye keria, mpelekeeni fundi mzee mmoja alishike gurudumu mkononi. Akisema neno, msimwambie asante mkaondoka. Kaeni chini mmwulize maana yake.

Mdogo wangu ananionyesha saa.